Haki ya Njia, na Yule Asiyekuwamo Daftarini



Tumeletewa suali na ndugu zetu wa upande wa Msambweni, nalo ni hili. Iwapo wenye mamlaka wanapanga matengenezo ya barabara kwa kufuata hisabu za kompyuta, na hisabu hizo hazina uongo ndani yake, kisha kijiji kimoja kikakaa mwaka baada ya mwaka barabara yake haiguswi kwa kuwa hisabu haikukitaja, je, hapo pana dhulma? Na ikiwa ipo, dhalimu ni nani? Muulizaji ameongeza kusema kuwa alipokwenda kulalamika aliambiwa kwamba mashine ndiyo iliyopanga, wala hapana mtu aliyemwonea.

Suali hili si la barabara peke yake. Asli yake ni mas-ala ya kale: je, mtu aweza kudhulumiwa hali ya kuwa hapana aliyesema uongo wala aliyetwaa rushwa? Sisi twasema, naam, aweza. Na dalili zake tutazitaja. Lakini kwanza ni lazima tuifahamu sura ya jambo lenyewe, kwani asiyekifahamu kitu hana haki ya kukihukumu, na wengi wetu hukimbilia hukumu mbele ya ufahamu.

Zamani barabara ilitengenezwa kwa mdomo. Aliyekuwa na mdomo mkubwa mbele ya mkubwa, greda lilifika mlangoni kwake. Sote twazijua barabara zilizonyooka vizuri mpaka nyumba ya bwana fulani, na zilipopita lango lake zikawa mashimo. Siku hizi mambo yamegeuka. Kulla barabara hupewa nambari yake, na mahali ipitapo huchorwa kwa msaada wa setilaiti. Gari lenye vipimo hupita juu yake likapima mtikisiko, na kipimo hicho huandikwa kwa mita katika kilomita: ikiwa namba ni ndogo barabara ni laini, ikiwa ni kubwa ni mashimo. Magari yapitayo kwa siku huhesabiwa. Daftari la pili lina idadi ya watu na mahali wakaapo, la tatu lina hospitali na skuli, la nne lina mvua na mito. Daftari hizi zilikuwa zikikaa kulla moja katika afisi yake, hazijuani. Sasa huunganishwa katika kompyuta zikawa kana kwamba ni daftari moja, na humo hutoka orodha: anzeni na hii, kisha ile, na hii nyingine ingojee.

Hapa kwetu Kenya, fedha za matengenezo zimewekwa chini ya Bodi ya Barabara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na ukaguzi wake umehesabu takriban kilomita 239,000 za barabara nchini. Fedha zenyewe hutokana na ushuru wa mafuta uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1993, nao mwezi wa Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kulla lita ya petroli na dizeli. Msomaji na alishike jambo hili. Kijana wa bodaboda aliye Mwereni, huko barani kwenye mpaka wa Tanzania, hulipa ushuru ule ule alipao mwenye gari la fahari huko Diani; na mwanamke abebwaye na kijana yule kwenda hospitali ya Msambweni naye huulipa ndani ya nauli yake. Hapana aliyeachwa nje ya daftari la kulipa.

Wako kati yetu wasiopendezwa na mambo haya tangu mwanzo. Husema: barabara ni ya Serikali, ajali ni kadari, na kuhesabu mashimo ni kazi ya watu wasiokuwa na kazi. Maneno haya hayana asli katika dini yetu. Bwana Mtume (S.A.W.) ameihesabu kazi ya kuondoa kero njiani kuwa ni tawi katika matawi ya imani, na amewaamrisha Sahaba waipe njia haki yake. Imam Ghazali katika Ihya ameitia ilimu ya hisabu, pamoja na tiba, katika fardhi za kifaya, ambazo wasipopatikana wa kuzitenda hupata dhambi mji mzima. Na mashuhuri ni khabari ya Sayyidna Umar (R.A.) kwamba alichelea kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa nchi ya Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. (Wapokezi wengine wameitaja kwa mnyama aliyepotea ukingoni mwa Furati, na hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini maana ni moja.) Umar alikuwa Madina, na nyumbu yuko Iraki. Atamjuaje, ila awe na watu wa kumpa khabari na mahali pa kuziandika? Basi mwenye kutaka kuondoa kero katika kilomita maelfu hana budi na daftari. Na Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayoamrisha kuandika deni. Hatuwezi kuwa watu wa Aya ile kisha tukaichukia kalamu.

Kwa hivyo daftari ni jema, na lililounganishwa ni jema zaidi, kwani humziba mdomo mwenye mdomo mkubwa. Ila lina mlango mmoja wa dhulma, na mlango huo hauonekani mpaka uoneshwe.

Tazameni hisabu yenyewe inavyokwenda. Mhandisi hujiuliza: nikiitengeneza barabara hii, wenye magari wataokoa kiasi gani cha mafuta, na magurudumu, na wakati? Huzidisha akiba ya gari moja kwa idadi ya magari, akalinganisha na gharama. Hisabu hii ni ya kweli na ina faida yake. Lakini barabara ya ufukweni Diani hupitwa na magari mchana na usiku, ya watalii na mahoteli na matatu na tuktuk. Ikitokea shimo, faida ya kuliziba ni kubwa. Nenda sasa kwenye njia ya barani ambayo masika ikiingia mto hukata kivuko, na matatu yakaacha kuja. Mhesabu akija, ataandika magari mawili, au sufuri. Sufuri ukiizidisha kwa chochote ni sufuri. Basi barabara ile haitengenezwi kwa kuwa haina magari, na haina magari kwa kuwa haitengenezwi. Mwaka wa pili ni mbovu zaidi, na namba yake ni ndogo zaidi. Daftari limesema kweli miaka yote miwili.

Na sufuri, ndugu zangu, si moja. Kuna sufuri ya njia ambayo hapana anayeihitaji. Kuna sufuri ya njia ambayo watu wanaihitaji wala hawawezi kuipita. Na kuna sufuri ya mahali ambapo hapana aliyekwenda kuhesabu. Zote tatu huandikwa kwa alama ile ile, duara moja tupu, na kompyuta haiwezi kuzipambanua ila apatikane mtu wa kuipambanulia.

Jambo hili limewafika hatta watu wenye zana nyingi kuliko sisi. Mji wa Boston huko Marekani, mwaka 2012, ulitoa programu ya simu iliyokuwa ikihisi mtikisiko wa gari na kupeleka khabari ya shimo yenyewe, bila ya mtu kuandika neno. Wakatanabahi kuwa wenye simu za namna hiyo na magari walikuwa ni watu wa mitaa ya wenye mali na vijana. Ya maskini na wazee ingeonekana haina mashimo. Ajabu ya mashine ni hii: kimya cha maskini hukifasiri kuwa ni raha.

Sasa tuirudie dalili tuliyoahidi. Sayyidna Umar ndiye aliyewawekea Waislamu diwani, yaani daftari la majina, ambalo kwalo watu walipokea posho zao katika Baitul Mali. Kanuni yake ya mwanzo ilikuwa mtoto haandikwi mpaka aache ziwa. Kanuni hii haikuwa na ubaya dhahiri. Mtoto wa ziwa hali chakula cha sokoni, na fedha lazima ziwe na mpaka. Kisha ukaja msafara ukatua nje ya mji, na Umar akatoka usiku pamoja na Abdurrahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto akilia. Akamwendea mamake akamwusia amche Mungu na amtazame mwanawe. Akarudi mahali pake, mtoto akalia tena, akamwendea tena. Mwisho wa usiku yule mwanamke, asiyemjua anenaye naye, akamweleza kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu mbele ya wakati wake, kwa kuwa Umar hamwandikii ila aliyeacha ziwa. Imepokewa kuwa Umar alisalisha alfajiri watu wasisikie vyema kisomo chake kwa kulia, akijihesabia nafsi yake watoto wa Kiislamu waliokufa kwa kanuni ile. Kisha akaamrisha ipigwe mbiu mjini, na zipelekwe barua katika miji yote, kwamba kulla azaliwaye aandikwe tangu siku ya kuzaliwa.

Mwenye kuizingatia khabari hii ataona mambo ambayo yanatosha kumjibu muulizaji wetu. Diwani haikusema uongo. Makarani hawakuiba. Kanuni ilitungwa na mtu mwadilifu kuliko wote tulionao leo. Na juu ya hayo mtoto alidhulumiwa, tena dhulma ile haikuwamo ndani ya daftari hatta Umar aione kwa kulisoma. Aliiona kwa kutoka usiku na kusikiliza. Wala hakusema: diwani ndiyo iliyopanga. Mzigo aliutia shingoni mwake mwenyewe.

Kwani chombo hakina taklifu. Kisu hakitaulizwa, wala mizani, wala kompyuta. Atakayeulizwa ni aliyechagua kitu cha kupimwa. Katika Surat al-Mutaffifin Mwenyezi Mungu amewaonya wale ambao wakijipimia hutimiza na wakiwapimia wengine hupunguza. Na mtu aweza kupunguza bila ya kulegeza mizani, kwa kuiweka tu mizani mahali ambapo wengine hawawezi kufika na mzigo wao. Ushuru wa mafuta tunapimiwa sote kwa lita, sawa sawa. Matengenezo yakipimwa kwa magari peke yake, mizani imegeuka kati ya kutoa na kupokea.

Mafakihi wetu wa Kishafii, ambao vitabu vyao vimesomwa misikitini mwa pwani hii kizazi baada ya kizazi, wana mlango mzima juu ya hukumu ya asiyekuwako. Nawawi ameutaja katika Minhaj. Kadhi ameruhusiwa kumhukumu mtu aliye mbali ambaye hakuhudhuria, ukithibiti ushahidi. Lakini hapo hamtosheki mdai kwa mashahidi wake, bali humwapisha pia, kwa sababu aliye mbali lau angekuwako huenda angelikuwa na jambo la kusema. Na akija baadaye, hoja yake husikizwa. Kuna na kauli ya kwamba kadhi amweke mtu wa kukanusha kwa niaba ya asiyekuwako. Iliyo sahihi zaidi ni kuwa halimlazimu, walakini kule kuijadili tu kwaonesha jinsi walivyolichelea jambo hili. Basi mpangaji wa barabara ni kadhi wa namna yake. Kulla mwaka huwahukumu watu wa Mwereni na Ndavaya na Puma hali hawako mbele yake. Waliokuwako ni magari ya Diani. Twasema, kwa kukisia juu ya mlango huo: ushahidi utumiwao kumnyima asiyekuwako sharti uwe mzito kuliko ushahidi wa kumpa aliyekuwako. Sufuri haitoshi kuwa ushahidi. Sharti aende mtu, akarudi, akasema ni sufuri gani katika zile tatu.

Huenda mtu akasema: fedha ni chache, na mkizigawanya kwa kulla kichochoro hamtatengeneza kitu. Mwenye kusema haya ana haki, wala hatumpingi. Barabara kuu kutoka Likoni kupita Ukunda na Msambweni hatta Lunga Lunga ikiachwa ivunjike, atakayeumia ni yule yule mgonjwa wa barani, kwani naye huishia juu ya lami ile. Na ufa mdogo wa lami usipozibwa mapema, maji huingia chini, na gharama ya baadaye ni maradufu kwa maradufu. Tena fedha hizo chache zenyewe zina wenye kuzigombania: mwaka 2024 na 2025 mzozo wa shilingi bilioni 10.5 za ushuru huu, kati ya serikali za kaunti na Bunge la Taifa, ulifika mahakamani, na wakati wakubwa wanavutana mvua haikungoja. Uadilifu si kugawa sawa sawa. Uadilifu ni kumpa kulla mwenye haki haki yake, na haki ya barabara kuu si sawa na haki ya njia ya kijiji.

Lakini kukubali haya si kukubali kwamba gari ndilo kipimo pekee. Vipo vipimo vingine, tena vimekwisha tumika. Sheria ya Bodi ya Barabara, baada ya kurekebishwa mwaka 2007, ilitenga asilimia 22 ya ushuru igawanywe kwa majimbo ya ubunge, kulla jimbo fungu sawa, bila ya kuuliza idadi ya magari. Na mwaka 2016 Benki ya Dunia ilitoa utafiti uliounganisha daftari tatu: mahali watu wakaapo, mahali barabara zipitapo, na hali ya barabara hizo; kisha ukauliza suali jingine kabisa, ni watu wangapi wa mashamba wakaao ndani ya kilomita 2 ya barabara ipitikayo majira yote? Jawabu kwa Kenya lilikuwa asilimia 56. Maana yake ni kuwa karibu nusu ya watu wa mashamba hawakuwa na njia ya kutegemea. Angalieni: barabara ni zile zile, na mashine ni za namna moja, suali limebadilika, na watu waliokuwa sufuri wamekuwa mamilioni. Kwa hivyo asiseme mtu kuwa mashine imekataa. Mashine hujibu iliyoulizwa, na muulizaji ni mwanaadamu.

Yamebaki maneno ya kuwaambia wasomaji wetu wa mjini, na hayo ni mazito kwangu kuliko yaliyotangulia, kwani ni rahisi kuwasema wakubwa. Sisi wa Ukunda na Diani na Msambweni mjini ndio tunufaikao na mlango huu wa dhulma. Simu zetu ndizo zinazosikika. Lalamiko letu hufika siku hiyo hiyo pamoja na picha ya shimo. Hatukumwibia mtu, ni kweli. Lakini tukiona orodha imejaa mitaa yetu, na twawajua jamaa zetu wa barani waliokatikiwa na njia tangu masika, kisha tukanyamaza, basi tumeuficha ushahidi, na mwenye kuuficha ushahidi Qur'ani imemwambia kuwa moyo wake una dhambi. Kinyume chake nacho ni haramu: wako watu wapelekao khabari ya shimo moja mara kumi kwa simu kumi ili mtaa wao utangulie. Huo ni ushahidi wa uongo, hatta ukiandikwa kwa kidole juu ya kioo cha simu. Na Surat al-Hujurat imetuamrisha kuihakikisha khabari itufikiayo. Basi anayeipeleka naye na ahakikishe.

Katika sura hiyo hiyo mna makatazo ya kupelelezana. Simu ikionesha mashimo huonesha pia mwenye simu alikokwenda na alikolala. Daftari la barabara halina haja ya jambo hilo, na Kenya ina sheria ya kulinda khabari za watu tangu mwaka 2019. Jina la mtu lisiandikwe panapotosha jina la njia.

Na asiyeandikwa aweza kujiandika. Kibera, huko Nairobi, ilikuwa kama doa tupu katika ramani mpaka mwaka 2009, vijana wa mahali hapo walipotembea na vyombo vya setilaiti mkononi wakazichora njia zao wenyewe. Dar es Salaam tangu mwaka 2015, katika kazi iitwayo Ramani Huria, wanafunzi wa chuo na wenyeji wa mitaa wamechora mifereji na vichochoro vya mitaa ifurikayo, kwa sababu ramani za wakubwa hazikuvijua. Hawakungoja gari la vipimo. Walichukua wanalolijua kwa miguu yao wakalitia mahali ambapo mashine hulisoma.

Darasa letu limeona hivi, nasi twawatolea shauri maimamu na walimu wa vyuo vya Kubo, Dzombo, Mwereni na Kinango, na wenzao wa Vanga ambao mto Umba huwafikia. Kulla msikiti uwe na daftari moja la karatasi, na kijana mmoja ajuaye kuandika. Mvua za masika zikianza, aandike kulla siku baada ya alfajiri: njia ilipitika au haikupitika, mahali gani ilikatika, na kwa siku ngapi. Aandike mgonjwa aliyerudishwa njiani, bila ya jina lake, na siku ambazo mwalimu hakufika skuli. Siku njia ikipitika vizuri hayo nayo ayaandike, asifiche, ili daftari lake liaminike. Mwisho wa masika nakala moja ipelekwe kwa afisi ya wadi, nyingine kwa wahandisi wa kaunti, na ya tatu iletwe kwetu. Wakati wa vikao vya wananchi juu ya bajeti, ambavyo Katiba ya mwaka 2010 imevipa haki, waende watu wawili kutoka kulla msikiti wakiwa na daftari lao mkononi. Na watu wa mjini wawape nauli, kwani ushuru wa mafuta wamekwisha kuulipa sawa na sisi.